Mkono wa Mwisho

Maalim Shaame alifunga madirisha yote,
hata lile bovu la mbao
akalizuia kwa tofali.
"Leo," akasema, "mutakijua kisichoonekana."

Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya macho
kilichooshwa, kikatiwa mafuta ya makonyo,
akadondosha tone moja juu ya pamba
mezani kwake, karibu na rejista.
"Asitikisike mtu. Asipepee mtu daftari.
Ikikufikia harufu, nyanyua mkono."

Dawati la kwanza, Bizume na Hamad Faki: juu.
La pili.
Kimya kidogo.
La tatu, upande mmoja,
kisha mikono ikawa inapanda
kama maji ya kujaa yanavyoupanda mchanga,
huku mbele, kule nyuma, bila ya mstari.

"Hapana upepo humu. Nani ameibeba?
Hakuna. Imekwenda yenyewe.
Ni chembe, wanangu. Jicho halizipati
hata ukiliazima hadubini.
Hazina miguu na hazijui kutulia:
zinagongana, zinarudi, zinagongana tena,
ndiyo maana huko nyuma zimekawia.
Na baina ya chembe na chembe pana nini?"

"Hewa!" sote.
"Hewa nayo ni chembe. Baina yake?"
"Vumbi."
"Punje moja ya vumbi ni chembe chungu nzima."
"Mashetani," akasema Hamad Faki, tukacheka.
Maalim akageukia ubao, akaandika
HAPANA KITU,
akapiga mstari chini.

Ndipo aliponiona mimi, dawati la mwisho,
mikono yangu yote miwili juu ya meza.
"Mkasi, umelala?"
"Sijalala, Maalim. Haijafika."
Akaja na ile pamba, akaniwekea puani.
"Na sasa?"
"Bado."
Darasa zima likaangua kicheko.

Ningemwambiaje? Kwetu Wawi,
ukuta kwa ukuta na kiwanda.
Baba alikuwa akitia kuni tanuri la makonyo,
mvuke ukipanda bombani, ukipozwa, ukitona,
na magharibi harufu ilimtangulia mlangoni,
ikavua viatu kabla yake,
ikakaa mkekani, ikala nasi muhogo.
Sikuwahi kuinusa
kwa sababu haikuwahi kuondoka.

Miaka tisa baadaye, Unguja, dakhalia ya chuo,
wenzangu wamekwenda kula.
Mama ameniletea achari,
na chupa, isivunjike njiani,
ameizungushia shati la Baba la kazini,
lile lenye tundu la cheche mkononi.
Baba tumemzika Mfunguo Tatu.

Nikafungua fundo.
Kwanza, hapana kitu.
Halafu ikaja,
ikijigonga ukutani, kwenye ndoo, kwenye sabuni,
kwenye kitabu changu cha fizikia,
haina haraka, haina njia,
mpaka ikanipata kitanda cha juu.

Kwamba chembe haizeeki
Maalim hakutwambia,
au alitwambia
na mimi sikusikia kwa kile kicheko.

Nikatazama huku na huku.
Nikanyanyua mkono.