Kiwiko cha Bomba

Siku tatu maji yamegoma kushuka.
Unanawa uso, yanakaa, yanakutazama,
rangi ya chai iliyosahauliwa,
na sinki limevaa pete ya povu la jana.

Nimesema. Sikutaja jina, lakini nimesema:
"Wenye nywele ndefu wajue zinakoishia."
Mkaza mwanangu Teona alikuwa akikanda unga wa mahindi,
hakugeuka. Nywele zake nyeusi zinamfika kiunoni,
na mwanangu, anayezipenda, yuko Poland akipakia matofali,
hayupo kuamua kesi.

Nilimwaga siki juu ya magadi,
kama alivyonielekeza Guliko wa ghorofa ya pili.
Ikachemka, ikanguruma, ikanuka kachumbari ya sikukuu,
kisha ikanyamaza. Maji palepale.
Nikasukuma mpira wa kuzibulia hadi bega likalia.
Fundi anataka lari hamsini, na lifti yetu yenyewe
haipandi mpaka uilishe sarafu.
Hapa Kutaisi mvua ya Februari ni ya bure;
mengine yote yana bei.

Basi nikapiga magoti, mimi Tsiuri, miaka sitini na tisa,
spana ya marehemu mkononi,
kichwa chini ya sinki kama anayetafuta paka.
Nikaizungusha nati. Ikakaza.
Nikaizungusha tena, ikakaza zaidi,
ndipo nikakumbuka: nimelala chali,
huku chini kulia kumekuwa kushoto.
Kiwiko kikaachia kwa mkoromo,
kikatapika beseni zima.

Nikaingiza waya wa hanga, nikavuta.
Likatoka taratibu, kama mkia wa panya asiyekubali kufa:
bonge la ute,
kifuniko cha dawa ya meno,
njiti ya kiberiti,
nywele.
Nikazisogeza kwenye taa nipate ushahidi.
Fupi. Nyeupe, na nchani zina wekundu wa hina
niliyoacha kupaka mwaka juzi.

Nyeusi? Ilikuwepo moja.
Niliitafuta mpaka nikaipata,
na kuipata hakukunisaidia.

Nikainuka na beseni, na hasira isiyo na mwenyewe,
nikayamwaga maji machafu, wapi tena,
ndani ya sinki.
Sinki lisilo na bomba.
Yakashuka vizuri kabisa, kwa mara ya kwanza wiki hii,
yakashukia soksi zangu za sufu, ndara, na kizulia.
Nikapiga ukelele wa kuamsha ghorofa tano.

Teona akaja mbio, unga hadi viwikoni.
Akasimama mlangoni. Midomo ikamcheza, akaibana.
"Ilikuwa nini, mama?"
"Sabuni," nikasema. "Sabuni tu ya siku nyingi."
Akatazama beseni. Akatazama waya.
Unywele mmoja mweupe ulikuwa umeninata kwenye kifundo cha mkono;
akaubandua kwa vidole viwili,
akaufuta kwenye aproni yake.
"Ndiyo," akasema, "sabuni hiyo."

Akachuchumaa majini, akanishikia tochi,
nami nikafunga nati, kulia ambako ni kushoto,
huku nikiisikia pumzi yake ikizuia kicheko
na yangu ikizuia jambo jingine.

Tukafungua maji. Yakashuka bila swali.
Kisha tone, likafuata jingine, kutoka kwenye kiwiko:
mpira mdogo, ule mweusi wa duara,
ulikuwa bado umelala juu ya kizulia
ukitungoja.