Mpini Kwangu

Kwetu Kitangari visu vililala kwenye makuti.
Mama akimaliza kumenya, ananyoosha mkono,
anakichomeka juu ya mlango, kati ya kuti na fito,
nacho kinatulia kama popo.
Asubuhi mkono unakwenda wenyewe.

Hapa Kiyangu ni bati.
Bati halichomeki.
Chumba kimoja, pazia katikati:
huku kitanda, kule jiko la mkaa na ndoo tatu,
na wewe, Shaweji, uliyetambaa jana,
leo unapanda madebe.

Visu vyangu vitatu.
Cha meno, cha mkate, sokoni nilipigwa bei.
Kifupi cha muhogo, mpini umefungwa mpira wa baiskeli.
Na cha mama: kimenolewa jiweni miaka na miaka
hadi kimekonda kama jani la muwa,
na ndicho kikali kuliko vyote.

Nilivificha chini ya godoro. Ikachanika shuka,
nikashukuru kuwa ni shuka.
Nikavitia beseni moja na vijiko;
Bi. Somoe, mwenye nyumba, akaja kunisaidia kuosha,
akatoa mkono majini, povu jekundu.
Hakusema kitu. Kodi ya mwezi ule aliidai mapema.
Nikavipandisha juu ya kabati la vyombo,
nikavifunika gazeti,
nikaenda kazini.

Kazini nabangua korosho.
Kutwa nipo na makali,
mafuta ya ganda yamenila ncha za vidole,
na msimamizi anapita: taratibu, mama, usikate punje.
Punje. Kidole hakiulizii.

Usiku ule umeme ulikatika, kama desturi yake.
Baba yako yuko Msimbati, lindoni.
Ming'oko inachemka, pweza yuko kwenye sinia hajakatwa,
napapasa juu ya kabati: gazeti,
vumbi, cha meno, kifupi,
gazeti.
Nikaita jina la Mungu. Nikaita lako.

Ukajibu karibu sana.
"Shika, mama."

Nikawasha tochi ya simu.
Umesimama juu ya ndoo uliyoipindua,
unanipa kisu kama nilivyokufundisha kumpa mtu kisu:
mpini kwangu.
Makali yote ndani ya ngumi yako.

Sikuvuta.
Asiniulize mtu nilijuaje; sikuvuta.
Nikapiga magoti, nikakufungua kidole kimoja,
kimoja, tena kimoja,
kama ganda lenye punje nzima.
Mstari mwembamba kiganjani. Tone moja.
Ulilia kwa sababu mimi nililia.

Wanasema mtoto akililia wembe, mpe.
Aliyesema alikuwa na vyumba vingapi?
Na wewe hukulilia. Ulikuwa unasaidia.

Jumamosi nilimwendea fundi Nandonde.
Akataka kuniuzia kabati la vioo. Nikamwambia ubao.
Akaupasua nyufa tatu kwa msumeno, akaja kuupigilia,
si juu ya mlango kama kwa mama,
maana mlango wetu hubamizwa na upepo,
bali kando yake, ukutani.
Kipimo: mkono wangu, visigino vikiwa juu.
Kisu kikiingia husema *tk*,
ndipo nalala.

Chini ya ubao nimechora kwa mkaa kimo chako.
Kati ya mstari na ubao, mikono miwili na shubiri.
Kila Idi nitapima.
Nafasi ikija kwisha
nitakishusha cha mama, tukae mkekani,
nikuoneshe muhogo unavyomenywa:
gumba hapa, makali yatazame nje,
na ukitaka kumpa mtu kisu,
kiweke chini.
Acha akiokote mwenyewe.