Silabi Moja

Kabla ya mtambo alikuwepo Mgaza.
Alipanda Magoroto kwa miguu, redio mbili kiunoni,
akasimama juu ya jabali lenye kuvu:
sikio la kulia kwa zahanati ya Kwemsala,
mdomo kwa hospitali ya Muheza,
maana sauti ya redio haijui kupinda kona.
Ikikuta mlima, inalala.

Miaka sita shida za watu zilipita kooni mwake.
Hakutia chumvi. Hakupunguza.
Ila usiku mmoja wa mvua
Nesi Perpetua alisema, "Gari lisipite darajani,"
na upepo ukameza *si*.
Silabi moja.
Yaliyofuata sitayaandika; hata yeye hayasemi.

Tulipofika na mtambo
alitubebea betri, nzito kama ndama,
bila kuuliza ujira.

Kibali cha masafa nilikiviringa kwenye nailoni,
nikakifunga ndani ya mlango wa kibanda:
hewa nayo ina mipaka, kama shamba,
na mwenye kuvamia huzima sauti ya jirani.
Kisha tukazika shaba, nondo tatu, udongo mbichi.
Radi haipigi hodi,
lakini ukiichongea njia ya kwenda ardhini
huenda ikapita bila kuingia ndani.

Kihiyo alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena,
ndipo akapanda mlingoti.
Saa nane nikaona wingu limekaa vibaya upande wa Amani.
Nikamwita ashuke.
Amebakiza bolti mbili!
Alinuna.
Nuna, nikamwambia, lakini nunia huku chini.
Mvua ilipiga mpaka magharibi, tukala mihogo baridi
na bolti zikatungoja hadi kesho.

Wakashangaa kwa nini sigusi swichi
mpaka kebo ya antena imekazwa na kufungwa mpira.
Niliwahi kuwasha mtambo usio na antena,
mwanagenzi mimi, pale Ngamiani.
Nguvu ikakosa pa kutokea,
ikarudi ndani, ikamla aliyeizaa.
Mishahara mitatu nililipa.
Mpaka leo nikinusa plastiki iliyoungua
naona uso wa bosi wangu.

Nikawasha.
Taa ya kijani. Feni ikaanza kuguna.

Mgaza hakungoja maelezo.
Redio mkono huu, redio mkono ule,
akabonyeza, akasema "Halo",
na mluzi ukapasua kilima,
hondohondo wakatoka mitini wakilaani.
Sauti yake ilikuwa imemrudia, ikaingia tena, ikarudi,
haina mwisho.
Nikamnyang'anya moja.
Mdomo na sikio, Mgaza, havikai chumba kimoja.
Hata huu mtambo husikia kwa masafa mengine
na kusema kwa mengine.
Akacheka. "Mimi nilikuwa navyo vyote kichwani."

Ndipo akaja Nesi Perpetua kutoka bondeni, safi kabisa:
"Muheza, Kwemsala hapa. Barafu ya chanjo inayeyuka.
Na kama gari lina nafasi, kilo moja ya sukari. Ova."
Muheza wakajibu.
Mgaza alikuwa kimya, lakini midomo yake ilicheza,
neno kwa neno,
kama mtu anayefuata sala ya msikiti wa mbali.

Nilimpa ufunguo wa uzio na daftari.
Volti asubuhi, volti jioni.
Mtambo ukisema, usiikaribie antena, na mbuzi wasifungwe hapo.
Alisikiliza yote. Halafu akauliza
jambo ambalo halimo katika kitabu cha fundi yeyote:
"Herufi ndogondogo, je? Inazisikia?"

Jaribu, nikamwambia.

Akasogea mbali, akanipa mgongo.
Akabonyeza.
"Lisipite."

Ule mkia mfupi wa kimya, kisha *tik*.

"Muheza hapa. Nimepata: lisipite. Li-si-pite.
Nani mwenzangu? Gari gani? Ova."

Hakujibu.
Alishikilia ile redio kifuani, kidole mbali na kitufe,
mpaka nikachukua yangu
nikawaambia ni majaribio tu.