Kisima cha Nne

Alikuja Jumanne, umeme umekatika,
kitenge kiunoni, miguuni vumbi jekundu la Vurra,
akasimama mlangoni, chini ya kibao cha KIMYA,
akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe:
"Hapa ndipo yanapowekwa majibu?"

Nikamwambia, mama, hapa ni maktaba ya chuo.
"Ndiyo," akasema. "Majibu."

Jina lake Candiru. Miaka mitatu nyuma
mwalimu wa hapa, kijana Onzima,
alifika kwao na chupa arobaini za plastiki,
akachota maji ya visima vitano, akabandika namba,
akala viazi, akashukuru, akaondoka.
"Maji yetu yalikwenda kusoma," akasema.
"Hayajarudi hata likizo."

Umeme uliporudi nikawasha kompyuta.
Makala ipo. Jarida la ng'ambo,
kurasa kumi na moja, jina la Onzima mbele,
jina la kijiji mstari wa nne,
na chini yake kitufe cha buluu:
lipa dola thelathini na tisa
uyasome maji ya Candiru kwa saa ishirini na nne.

Nikapiga hesabu kwa shilingi, nikanyamaza.
Hata chuo kilichomlipa Onzima mshahara
kinabisha hodi nje kama mgeni.
"Imeandikwa nini?"
"Imeandikwa, mama. Ila mlango una kufuli."
Akatazama kitita cha funguo mezani pangu.
"Na wewe kazi yako nini?"

Kazi yangu.
Watu hudhani ni kupangusa vumbi na kusema sss.
Ni kuandika barua. Onzima, huko kwenye theluji,
nitumie mswada wako, ule wa kabla ya wachapishaji
kuuvalisha tai. Mkataba nimeusoma
mpaka herufi za sisimizi; kifungu cha saba kinakuruhusu.
Ni kungoja siku tisa.
Ni kuuweka katika hazina ya chuo,
kuupa anwani isiyohama hata mitambo ikihama,
kuuchagulia maneno: maji, chuma, visima, Vurra,
kama anayempa mtoto majina
ili popote atakapoitwa, aitike.

Aliporudi, karatasi zilikuwa bado na joto la mashine.
Nikamsomea kwa Kilugbara, nikikwama kwenye majedwali.
Mikrogramu sikupata neno lake. Nikasema: punje ya punje.
Kisima cha kwanza, salama. Cha pili, salama.
Cha tatu kina chuma kingi.
"Hilo tulijua. Chai ilitangulia kutuambia,
inageuka nyeusi kama masizi."
Cha nne—

"Ngoja." Kidole chake kikatua kwenye ramani.
"Hapa hapana kisima. Hapa amelala mume wangu.
Cha nne kiko ng'ambo ya kijito, kwa akina Drani.
Chupa ile niliichota mimi.
Mvua ilimzuia mwalimu kuvuka."

Wahakiki wawili wasio na majina
waliipitisha makala hiyo, na mhariri, na mimi.
Wa tatu alikuwa ameketi mbele yangu,
anakung'uta kokoto kwenye ndara.

Usiku ule Onzima akajibu kwa maneno matano:
Kweli. Nilikuwa nimelowa. Mwandike.
Nikafungua rekodi, nikaandika taratibu,
kama mtu anayechonga jiwe:
*Toleo la pili. Mahali pa kisima cha nne
pamesahihishwa na Candiru, aliyeyachota maji.*

Cha tano hatukukifikia.
Alikuwa ameacha mihogo sokoni, na wingu limefunga.
Alizikunja karatasi, akazifunga kwenye pindo la kitenge
panapokaa pesa,
akasema Jumanne. Nami nikaandika Jumanne.
Mlangoni akakisoma kibao, herufi kwa herufi,
akacheka
mpaka wanafunzi wote wakainua vichwa.