Baiskeli ya Mihayo

Siku ya tatu ndani ya Ugalla, njia haipo,
Mihayo akaanza kuila baiskeli yake.

Mpira wa ndani ulifunga goti lililochanika.
Spoku, akainoa juu ya jiwe hadi ikang'aa,
ikamchoma kambale kwenye dimbwi la mwisho la mto.
Kipande cha tairi kikashika moto:
moshi mzito, mweusi, na nyuki
wakamwachia sega wakitukana.
Madigadi aliipindua ikinge umande;
alfajiri akanywa funda moja
lenye ladha ya kutu na vumbi la Sikonge.

Siku ya sita tulimsikia kabla ya kumwona,
kengele mkononi, kriii, kriii.

Kalunde hakulia.
Alimtazama mumewe, akaitazama kengele.
"Na deni lake dukani kwa Hamdani,
nalo umelila?"