Mstari wa Penseli

Leo nakabidhi ofisi, hapa Lindi, ghorofa ya pili.
Feni inazunguka kama karani asiye na haraka.
Kijana anayenirithi ana ramani zake kwenye kompyuta;
zangu zimekunjwa, zina doa la chai, zina mchwa.

Miaka thelathini na mmoja nimegawa watu,
kijiji huku, kijiji kule,
nikiitafuta ile hesabu ya haki:
kura ya Liwale isipungue uzito
mbele ya kura ya mjini.
Kama mnunuzi wa ufuta, nilitazama mizani,
sikufungua gunia.

Waliniita Profesa Mipaka,
wengine kwa heshima, wengine kwa sababu
bahasha yao niliirudisha ikiwa imefungwa.
Mgombea mmoja alinililia Nachingwea:
"Ukikikata kitongoji kile, umenikata mkono."
Nikamjibu kwa desimali.

Lakini hili sijaliandika popote.

Nanjimbwe, wapiga kura mia nne na kumi na watatu.
Usiku mmoja, penseli moja, nikawavusha korongo
wakawa wa jimbo la mashariki. Hesabu ikalala sawa.
Kwenye karatasi korongo ni uzi wa buluu;
sikuuliza Februari uzi huo huwa nini.

Uchaguzi mdogo ukaja na mvua.
Waliopiga: mia moja sitini na sita.
Nikaandika, "Mwitikio hafifu. Elimu ya mpiga kura iongezwe."
Makala ikasifiwa Dodoma. Posho nikatia saini.

Mwaka ule ule, kwenye hitima,
shangazi Somoe Nangumbi alikuwa anapeta kunde,
akasema bila kuinua uso:
"Tulifika ukingoni alfajiri,
vitambulisho tumevifunga kwenye pindo la kanga.
Maji yanapita na magogo.
Bendera ya kituo tunaiona, iko pale.
Adhuhuri tukarudi kupalilia.
Hivi aliyetuhamishia kule ni nani, mwanangu? Unamjua?"

Nikasema: Tume.

Akapuliza makapi, akaendelea.

Haya, kijana, ufunguo huu.
Droo ya chini hukwama, inyanyue kidogo kabla ya kuvuta.
Mna ramani moja humo, usiitupe:
nimeufuta mstari mpaka karatasi imetoboka.

Kwenye Gazeti la Serikali bado upo.