Deni la Mlangoni

Nilimnolea viatu vya barafuni tangu ana miaka kumi na minne,
nyuma ya kiwanda cha mbao, pale Mto Ottawa unapojikunja,
na sikumbuki siku aliyonilipa papo hapo.
"Andika, Hormidas." Nikaandika kwa chaki mlangoni.
Mlango ule uliungua mwaka 1907, na deni ndani yake.

Watu huuliza Ovila Charlebois alikuwaje. Hakuwa mrefu.
Miguu ilimpinda kama koleo lililopitishwa motoni mara mbili.
Nchi kavu alitembea kama anayetafuta sarafu iliyomdondoka;
barafuni, basi,
aliegemea ubavu wa kushoto, chuma kikalia kama kitambaa kipya kinachochanwa,
na waliomkaba wakabaki wamekumbatia upepo.

Hoki ya siku hizo ilikuwa watu saba, bila wa akiba.
Ukivunjika, mmoja wa adui naye anatolewa, hesabu iwe sawa.
Kinga ya miundi ilikuwa katalogi ya duka ndani ya soksi:
mguu wa kulia majiko na majembe,
wa kushoto kofia za wanawake.
Mama yake alilalamika hajawahi kuona bei ya kofia
isiyokuwa na damu juu yake.

Sheria ilisema muungwana hachezi kwa fedha.
Muungwana ana baba mwenye hisa benki.
Ovila alikuwa na baba aliyeacha vidole vitatu
kwenye msumeno wa Bwana Haldane.
Kwa hiyo wakamfanya karani wa kampuni ya makaa,
karani asiyeweza kuandika zaidi ya jina lake,
na kila Jumamosi akakuta bahasha ndani ya buti.
Hata padri alijua. Aliuliza tu kama fungu la kanisa limo.

Kisha wakaja watu wa Michigan, wa migodi ya shaba.
Hao hawakuficha: waliweka noti mezani, zimenyooka,
dola thelathini na tano kwa wiki, na nauli ya treni.
Kiwandani ilikuwa dola moja na senti kumi kwa siku.
Akanitazama. Mimi nikaitazama tupa yangu.
"Ningekuwa na miguu yako," nikamwambia, "leo ningelala Michigan."

Gazeti letu likaandika kwamba ameuza jezi ya mji.
Aliyeandika alilipwa kwa kuandika.

Misimu minne. Usiku mmoja alifunga mabao matano,
mchimbaji mmoja akamrushia saa ya dhahabu.
Wiki hiyo hiyo gongo la mtu likamfungua taya;
wakamshona amekaa juu ya pipa la bia, akarudi uwanjani
na akafunga la ushindi.
Hapana. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuwasimulia watoto.
Alikosa, akatapika, wakashindwa.

Ligi ile ilikufa kama zinavyokufa ligi:
kwanza hundi inachelewa, kisha meneja anachelewa,
kisha hawaji wote wawili.
Saa akaiuza. Goti likaanza kumtabiria theluji.
Miaka thelathini na moja, mzee.

Nikamwona tena mtoni, Januari, ana msumeno mrefu,
anakata barafu ya kuwauzia wenye makabati ya nyama.
Aliibeba mgongoni, gunia katikati, maji yakimshuka kiunoni,
akipanda ngazi za jikoni za watu wasiomjua.
"Weka hapo," mwanamke alisema, "na usichafue."

Februari moja alikuja na viatu vile.
Ngozi imekauka kama samaki wa Kwaresima, vyuma vimeliwa na kutu.
"Noa."
"Kwa mechi gani?"
Hakujibu. Nikanoa polepole, kingo ya ndani zaidi,
kwa ajili ya ule ubavu wake wa kushoto.
Akaweka senti ishirini na tano mezani,
kisha akaongeza kumi na tano, akizisukuma kwa kidole moja moja.
"Ile ya mlangoni," akasema.

Ilikuwa zaidi ya hapo. Sikumwambia.